Lugha ya Kuhesabia Maji

Furaha alinipigia simu kutoka kwenye nchi yao ya theluji kuniambia kwamba baba yake, Mwalimu Bisimwa, wamemzika Jumamosi. Alizungumza Kiswahili cha Bukavu alichokiokota jikoni kwa mama yake, maana kambi ya wakimbizi ya Kakuma aliondoka akiwa bado anabebwa mgongoni. Nilimpa pole, kisha akaniuliza jambo ambalo nadhani ndilo lililomfanya apige. "Tantine, kule Kakuma na Lodwar papa alikuwa anafanya kazi gani na weye? Hapa alipanga mizigo kwenye depo miaka yote, hakuna mtu alijua kama alifundisha université. Nikimuuliza anasema tu, tulikuwa tunachagua lugha. Mi nilifikiri mulikuwa munachagua kama batoto basome Kifaransa ao Kiswahili." Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia. Nilimwambia nitamwandikia. Nimeanza mara kadhaa, na kila nikianza kinachonijia kwanza si uso wa baba yake bali chumba.

Kilikuwa nyuma ya ofisi ya maji, Lodwar. Kabla yetu mtu mmoja alikipanga kama stoo ya samaki wakavu kutoka Kalokol, na harufu yao ilikuwa imeingia kwenye saruji kiasi kwamba hata baada ya kupiga deki kwa sabuni ya unga, mchana joto likipanda samaki walirudi. Dirisha lilikuwa moja, limewekewa wavu na gunia la kuzuia vumbi. Ukuta wa mbao ulitutenganisha na chumba cha malalamiko, kwa hiyo siku nzima tulisikia watu tusiowaona. "Pampu ya Nakalale imekufa tena." "Mmeniambia kesho tangu Pasaka." Sauti ya mama mmoja ilikuja kila wiki, haikupaa wala haikushuka, na sikuwahi kumwona sura. Kando ya ukuta wetu, juu ya meza ndefu, ndiko zilikokaa kompyuta. Zilitoka kwenye ofisi fulani ya Nairobi iliyofungwa, zikaletwa na lori zikiwa zimefungwa kwa magodoro, na hakuna aliyezifuta. Ukiziwasha asubuhi kila moja iliamkia jina la aliyekuwa akiitumia. Karibu, Purity. Karibu, Otieno. Karibu, Halima. Nilitaka kuyaondoa majina hayo siku ya kwanza, Mwalimu akanishika mkono. "Acha, mama Akai. Bao njo benye nyumba. Sisi tumekuja kuwakuta." Hao ndio wenye nyumba, alimaanisha.

Nilikuwa nimemaliza chuo Eldoret mwaka uliotangulia, na sikujua bado kwamba mtu anaweza kuwa hodari na mjinga kwa wakati mmoja. Aliyeniajiri ni Injinia Ewoi, Mturkana mrefu mwenye mashati yaliyonyooshwa hata pale stima ilipokuwa imepotea siku mbili. Hatukujua aliyanyoosha na nini. Mwalimu Bisimwa naye alikuwa mkimbizi aliyewahi kufundisha hesabu na fizikia kwao kabla ya vita. Aliishi Kakuma na familia yake, akija Lodwar kwa kibali kila wiki, akilala kwenye vyumba vya wageni vya parokia. Kazi yetu ilikuwa hii. Mito ya Turkana mingi ni laga, mchanga mtupu ambao mbuzi hupita na watoto huchezea mpira, mpaka mvua inyeshe kwenye vilima vya mbali na maji yateremke. Mji unaweza kuwa na jua kali na bado ukafurika. Tulitakiwa kuandika programu itakayochukua habari za mvua ya vilimani na kuhesabu maji yatafika wapi, kabla hayajafika. Ramani ya eneo tuliikata vipande, kila kompyuta ikapewa kipande chake ihesabu, zote kwa pamoja, zikiambiana kilichovuka mpaka. Zilipoanza kazi feni zao zote za kupoozea zilipanda sauti pamoja, kama watu waliovuta pumzi.

Kompyuta haielewi Kiswahili wala Kiingereza. Mtu huiandikia amri kwa lugha iliyotungwa kwa ajili hiyo, na lugha hizo ni nyingi, kila moja na tabia yake, na mwaka ule tuligombana juu ya lugha gani ihesabu maji. Injinia alitaka Python. "Mimi nataka lugha kijana wa hapa Lodwar anaweza soma siku nyinyi mmeenda," alisema, na hilo halikuwa neno la kipuuzi, maana sote tuliwahi kuona mitambo ya wafadhili ikigeuka viota vya kuku. Tuliiandika kwanza kwa Python. Ilisomeka vizuri na majibu yake yalikuwa sawa, lakini ilikuwa polepole mno. Utabiri wa mafuriko ya kesho ulikuja keshokutwa. Mimi nilitaka C, lugha niliyoipenda chuoni kwa sababu inakimbia na haikuulizi maswali. Mwalimu alitaka Fortran, ambayo nilidhani ilikufa kabla sijazaliwa. Aliiandika kwa penseli juu ya karatasi za mifuko ya saruji, herufi kubwa zilizonyooka, akisema kwamba programu alizoziona akiwa mwanafunzi bado zinatoa majibu yaleyale mpaka leo. Mimi nilitaja pia Julia, lugha mpya iliyosifiwa wakati ule kuwa nyepesi kusoma na yenye mbio. Aliisoma siku mbili kwa heshima kabisa. "Ni mutoto muzuri," alisema. "Lakini angali anatoka meno."

Nilikuwa na haraka na nilikuwa na umri wa kushinda mabishano, kwa hiyo tukaenda na C. Kazi iliyochukua siku sasa ilichukua muda wa kunywa chai. Injinia aliwaleta wakubwa wake kutoka ofisini kuja kutazama, wakasimama mlangoni wakiziba pua kwa ajili ya samaki, wakapiga makofi kidogo. Wiki moja baadaye ndipo Halima alipoona maji.

Nasema Halima kwa sababu ndivyo tulivyoiita mashine hiyo. Kwenye kipande cha ramani alichopewa, uwandani kati ya Lodwar na Kakuma, pasipo na laga wala bonde, lilitokea dimbwi. Tuliendesha tena kwa mvua ileile na dimbwi halikuwapo. Tukaendesha tena, likarudi, kubwa zaidi. Niliongeza amri za kuifanya mashine iandike kila hatua kwenye skrini, ili nione maji yanaingia kutoka upande gani, na kila nilipofanya hivyo maji hayakuja. Nikiziondoa, yanakuja. Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Yeyote aliyewahi kuandika programu za mashine nyingi anajua hali hiyo, na nimeifundisha darasani tangu wakati huo kwa maneno makavu, lakini hakuna maneno makavu yatakayokueleza ilivyokuwa kukaa kwenye chumba kile cha joto, mama asiye na sura akilalamikia pampu nyuma ya ukuta, na mbele yangu kitu ambacho kipo nikigeuka na hakipo nikitazama.

Mwalimu alisema tuzime Halima, pengine kumbukumbu yake imeharibika. Tukamzima, tukakata ramani upya kwa waliobaki. Dimbwi likahamia kwa Otieno. Injinia alipoona hivyo alivua miwani, akaifuta, hakuivaa. "Basi nendeni mkaone hapo mahali," alisema.

Aliyetupeleka ni Ekal, dereva wa bauza la ofisi, lori la tangi lililopeleka maji vijijini. Ekal alikuwa mtu wa maneno mengi. Alinikalisha katikati, yeye na Mwalimu pembeni, akaendesha kwa mkono mmoja huku akituuliza. "Akai, hii komputa yenu inaongea na mvua ama inaongea na Mungu?" Nikamwambia haiongei na yeyote, inahesabu tu. "Kwa Kiturkana ni kitu moja. Akuj ni Mungu, Akuj ni juu, huko mvua inatoka. Sasa nyinyi mnahesabu yeye." Alicheka peke yake. Tulitoka barabarani tukafuata uwanda mpaka kifaa cha kuonyesha mahali kiliposema ni hapa. Ilikuwa adhuhuri. Hapakuwa na kitu: mawe meusi, ardhi iliyopasuka, hakuna mti wala kinyesi cha mbuzi. Mimi na Mwalimu tulishuka. Pande zote, mbali kidogo tu, mazigazi yalikuwa yametandaza maji meupe yanayotetemeka, na popote tulipotembea sisi palikuwa pakavu na maji yakakaa mbali vilevile. Ekal alikataa kushuka. Nilimuuliza kwa nini. "Hapa watu hapana lala," alisema, na hakuzima injini. Mwalimu aliinama akagusa udongo kwa kiganja, akakaa hivyo kwa muda kama anayepima homa ya mtoto. Tuliporudi garini aliniambia kwa sauti ndogo, "Mama Akai, ile maji haiko maji. Iko kosa yenye inavaa nguo ya maji. Na kosa yenye inajua kujificha, siku moja itavaa mahali penye batu."

Mvua za masika zilipokaribia, ndivyo ilivyotokea. Kakuma imejengwa kandokando ya laga ya Tarach, na wengi wa wakimbizi waliochelewa kufika walijenga mahali palipobaki, chini, karibu na mchanga. Huko aliishi Nyandeng, mama wa Bor, Sudan Kusini, aliyeuza chai na mandazi mbele ya nyumba yake ya matofali ya udongo. Ndiye aliyenilisha kila nilipokwenda kumwona Mwalimu kwake, juu kidogo pasipofikiwa na maji. Alinipa chai ya tangawizi kwenye glasi, akaniwekea uji mzito wa mtama na mchuzi wa samaki wa ziwani, akakaa akinitazama mpaka nimalize. Alikuwa na binti wawili na mashine ya kushonea. Asubuhi moja habari za mvua zilionyesha mawingu mazito yakikusanyika upande wa magharibi, juu ya vilima vinavyomwaga Tarach, na mengine juu ya vilima vinavyoteremsha Kawalase, laga inayokatiza njia ya Kakuma kabla hujaingia Lodwar. Niliendesha programu. Maji yakafika kwa Nyandeng, juu ya vichwa. Nikaiendesha tena, yakaishia mchangani mbali na nyumba. Kawalase nayo ikawa hivyo, mara imejaa, mara kavu. Tuliendelea mpaka mchana, nikiomba moyoni jibu moja lishinde, na hakuna lililoshinda.

Kupitia ukuta nilimsikia Injinia akiongea kwa simu na mkubwa wake. "Hapana, bwana. Siwezi sema ndiyo. Siwezi sema hapana pia." Akasikiliza. "Nikisema watu wahame na maji ikose kuja, siku nyingine nitapiga kelele na hakuna mtu atainuka." Aliporudi alisimama nyuma ya kiti changu. Wakati huo huo stima ikapotea. Feni zote zilishuka pamoja, sauti ikazama mpaka pakawa kimya kiasi kwamba nilisikia gunia la dirishani likigusa wavu. Majina yakazimika moja baada ya jingine. Lodwar stima ikipotea hivyo haikurudi kabla ya kesho, na betri za ofisi zingeweza kubeba kompyuta moja tu mpaka asubuhi.

Mwalimu ndiye aliyesema lililotakiwa kusemwa. Mashine moja, peke yake, haina jirani wa kuambiana naye, kwa hiyo haiwezi kuona maji ya uongo. Programu ya C hatukuiamini tena, lakini ile ya Python ya kwanza, ya polepole, ingeweza kumaliza kipande kimoja cha ramani kabla ya asubuhi. Kipande kimoja. "Mutachagua laga moja," alisema, "na ile ingine tufunge macho." Injinia hakukaa chini. Nyumba ya dada yake ilikuwa karibu na Kawalase, sote tulijua. Alitazama mikono yake. "Watu wa Lodwar wanajua laga yao," alisema. "Kakuma watu wamejenga kwa njia ya maji na wengine hawajawahi ona ikikuja. Weka Kakuma." Nikamwasha Purity, nikaanza.

Asubuhi jibu lilikuwa pale. Maji yangefika kwa Nyandeng mchana, na yangepita paa. Stima bado haikuwa imerudi. Injinia alipiga simu zake, kisha akanituma niende na Ekal, kwa sababu Mwalimu hakuwa na kibali cha kuondoka siku hiyo na simu peke yake hazihamishi watu. Tulivuka Kawalase ikiwa mchanga mweupe, wanawake wakichota maji kwenye visima walivyochimba kwa mikono. Ekal aliwapungia. "Hii laga mimi najua tangu natembea," alisema. "Inatoa sauti kwanza. Ukisikia, unasimama, unangoja. Laga ina adabu." Alizungumza njia yote, juu ya mke wake, juu ya gia ya pili iliyokuwa ikimsumbua, juu ya ndugu yake aliyeuawa upande wa Kapedo kwa ajili ya ngamia. Alinishusha Kakuma kwenye duka la kwanza, akanipa maji ya chupa aliyokuwa ameanza kunywa. "Ejok, mwalimu wa komputa," aliniaga, akageuza lori.

Anga la Kakuma lilikuwa buluu tupu. Viongozi wa mitaa walikuwa wameshapita na kipaza sauti, na baadhi ya watu walikuwa wanahama, lakini wengi walisimama milangoni wakitazama juu. Nyandeng alikuwa anakaanga mandazi. Nikamwambia. Aliendelea kugeuza mandazi. "Mimi hapana hama kwa sababu ya komputa," alisema. "Mvua iko wapi?" Nikamwambia ilinyesha mbali. "Mbali ni mbali." Nikamwambia ukweli: kwamba mashine hiyo imetudanganya mara nyingi, na kwamba jana tuliacha kuangalia mji wetu wenyewe, wa Lodwar, ili tujue jambo hili moja la hapa kwake. Hapo akaniangalia. Aliuliza, "Mama yako anakaa wapi?" Nikasema Lodwar. Alizima jiko kwa maji, akaanza kufunga mashine ya kushonea kwenye shuka, na majirani walipomwona yeye amefunga, nao wakafunga.

Tuliketi juu kwenye mwinuko, watu wengi, vitanda, kuku ndani ya ndoo, jua likituchoma. Hapakuwa na upepo. Muda mrefu hakikutokea kitu, na kijana mmoja alianza kunitania kwa Kisomali, wenzake wakacheka. Kisha ikaja harufu. Udongo uliolowa, pale kwenye vumbi kavu chini ya anga lisilo na wingu. Kicheko kikakatika. Baada ya harufu ikaja sauti, si ngurumo, ni kama watu wengi wanaburuta magunia mchangani, na kwenye mpindo wa laga ukatokea ukingo wa povu la rangi ya chai, umebeba vijiti na ndala, ukija kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Uliingia kwenye nyumba ya kwanza kwa mlango. Nyuma yake maji yakawa yanapanda, na nyumba za udongo zikawa zinakaa chini moja moja, bila kishindo, kama wazee waliochoka kusimama. Nilijua kila moja itaguswa lini. Nilikuwa nimeiona asubuhi kwenye skrini, kwa rangi. Nilipogeuka kumtazama Nyandeng nilikuta ananitazama mimi, si maji, akiwa amewavuta binti zake upande wa pili. Hakunipa tena chai kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira. Aliniambia baadaye kwamba siku ile aliona kama mimi ndiye niliyeyaita.

Hakuna mtu aliyekufa Kakuma siku hiyo. Jioni simu ya Injinia ikaniingia. Kawalase ilijaa mchana, jua likiwa kali vilevile. Wanawake walisikia sauti wakapanda ukingoni na kuanza kupunga mikono. Ekal alikuwa ameshaingia kwenye mchanga, lori limekwama kwa ile gia ya pili, injini ikinguruma kwa nguvu zake zote, na ndani ya kelele hiyo hakusikia kitu. Bauza walilipata limelala ubavu. Yeye walimpata siku ya tatu, chini sana, mahali ambapo Kawalase inaingia Turkwel.

Baada ya maziko nilijifungia na programu yangu ya C. Nilipata kosa. Lilikuwa mstari mmoja: kompyuta ilisoma habari za mpakani kutoka kwa jirani bila kungoja jirani amalize kuandika. Jirani akiwahi, jibu ni sahihi. Akichelewa, maji yaleyale yanahesabiwa mara mbili, au hayahesabiwi kabisa. Ndiyo maana nikiandika kwenye skrini kila hatua, maji ya uongo yalitoweka. Nilizichelewesha mashine zote, na jirani akapata nafasi ya kuwahi. Niliwaita Mwalimu na Injinia nikawaonyesha, nikasema nimeshasahihisha, hakuna haja ya kubadilisha lugha. Mwalimu alisoma mstari ule kwa makini. "Leo umeona moja," alisema. "Ile ingine utaionaje? Hii lugha yako inakuacha ufanye kila kitu, inakuamini sana." Nikamwambia hata kwa Fortran mtu anaweza kukosea. "Njo vile. Lakini mule neno la kungoja liko ndani ya lugha yenyewe. Unaandika, wote basimame hapa mpaka wa mwisho afike, na mwenye kusoma anaona. Na shamba lote la maji unaliita kwa jina moja, haulivunji vunji kwa mukono kama hapa. Mbio tutapoteza kidogo." Nilimgeukia Injinia, mtu wa Python, aliyetaka vijana wa Lodwar waweze kusoma. Nilidhani atakuwa upande wangu angalau kwa kuwa nimemaliza. Alikuwa amekonda. "Akai, mimi sijui hizi lugha," alisema. "Nataka ile nikiuliza mara mbili inijibu jibu moja." Hivyo ndivyo lugha ilivyochaguliwa, Furaha, na baba yako hakufurahia kushinda.

Tuliandika upya miezi yote iliyobaki. Alinifundisha kama anayenifundisha kusali: polepole, kwa kurudia, bila kucheka. Adhuhuri tulikula maharagwe na chapati juu ya magoti, tukisikiliza malalamiko ya nyuma ya ukuta, na mara nyingine aliacha kutafuna akaninong'onezea kwa Kifaransa kitu ambacho sikukielewa, kisha akasema si kitu. Barua yenu ya kuhamia ng'ambo ilifika tukiwa karibu kumaliza. Hakuwaambia ofisini mpaka programu ikamilike.

Siku ilipokamilika tuliiendesha mara mbili kwa mvua ya kubuni. Majibu yalifanana mpaka tarakimu ya mwisho. Nilitaka kushangilia na nikaona hakuna mwenye uso wa kushangilia. Injinia alivuta kiti, akaketi kwa mara ya kwanza mbele ya skrini. "Weka mvua ya ile siku," alisema. Mwalimu akaniangalia. Nikaiweka. Feni zikapanda. Rangi ya samawati ilishuka kutoka vilimani kwenye ramani, ikashika Tarach, ikafika Kakuma kama nilivyoiona kwa macho yangu. Na kusini yake, upande ambao siku ile hatukuutazama, ikashika Kawalase, ikateremka kimya, ikafika kwenye kivuko cha barabara mchana, saa ileile ya Ekal, ikajaa.

"Rudia," alisema Injinia.

Nikarudia. Maji yakateremka njia ileile, yakafika kivukoni saa ileile.

"Iko hesabu tu, Injinia," Mwalimu alisema kwa upole, akamwekea mkono begani. "Haiwezi kubadilika. Njo vile tuliiomba."

Injinia aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amesogea karibu na skrini kiasi kwamba rangi ilimpaka usoni. "Najua," alisema. "Rudia tena."

Nikarudia. Yakaja.